Kanga tatu za Mtaa wa Uhuru: ya bendera, ya India na ya hapa nyumbani

Kikundi chetu kilinituma nitafute sare ya shughuli ya Desemba. Kwa kuwa shughuli yenyewe inaangukia wiki ya sherehe za Uhuru, wifi yangu akashikilia kwamba lazima tuvae kanga ya bendera. Duka nililoingia lipo Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam. Jina silitaji, maana bidhaa yao moja nitaisema vibaya. Nilichukua doti tatu za aina tofauti, nikazifua na kuzivaa kabla sijawaambia wenzangu watoe hela.

Nianze na hiyo ya bendera, Sh 8,000. Kijani, njano, nyeusi na bluu zimekolea, mjini, yaani katikati ya kanga, kuna mwenge, na jina lake ni "Hongera Tanzania". Kijana muuzaji alinitandazia kwa madaha: "Mama, hii ndiyo ya kwetu." Kwa macho, nakubali. Kwa mkono, inateleza kama mfuko wa rambo. Nilichomoa uzi mmoja pembeni nikauwasha kiberiti. Ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu na harufu ya plastiki. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kubaki majivu. Basi hiyo ni poliesta tupu. Ukijifunga haikai kiunoni, ukijifutia mikono maji hayanyonywi, na mjukuu niliyembeba mgongoni alikuwa anashuka kila nikipiga hatua tatu. Halafu kwenye doti yangu ile H ya "Hongera" imemezwa nusu na pindo! Nilipomrudia muuzaji na ule uzi niliouchoma, hakubisha. Alisema mzigo umekuja na kontena kutoka China, na wateja wa Desemba wanaangalia rangi. Angalau ni mkweli.

Ya pili imetoka India, pamba, Sh 12,000, jina "Wema hauozi". Ilikuja na dondo jingi ikasimama kama kadibodi, lakini baada ya kulowekwa usiku kucha kwenye maji ya chumvi ikalainika vizuri. Rangi ilichuja kidogo mara ya kwanza, kisha basi. Mji umekaa katikati sawasawa, na nilipoikata doti vipande viwili mapindo yalilingana, fundi hakuwa na cha kurekebisha. Wifi aliigusa akasonya: "Ya Wahindi hiyo." Nikamuuliza, zile kanga za bibi yake anazozitunza sandukuni zilichapwa wapi? Kanga za zamani zilitoka Uingereza, Uholanzi, baadaye Japani na India. Wafanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa na Dar walichagua michoro na majina huku huku, wakaagiza kuchapwa huko. Hakuna mwanamke wa pwani aliyejiona si wa kwetu kwa sababu hiyo.

Ya tatu imetengenezwa hapa nchini, Sh 13,000, na hii ndiyo niliyoipenda. Nzito kidogo, inashika mwili, mtoto anakaa mgongoni bila wasiwasi, na zambarau yake haijapauka hata baada ya kuanikwa juani. Ila duka lilikuwa na doti chache tu za rangi hiyo, na muuzaji hakuweza kuniahidi lini zitaingia nyingine. Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, kisha tunairudisha ikiwa nguo. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China, kikaanza kazi 1968. Kushirikiana kwenye mashine na mafundi kunawezekana. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine wakalegeza, Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Siwalaumu waliolegeza, kuna watu wanakula kwa kushona nguo za kupeleka huko. Lakini mtu asiniambie kwamba nikivaa poliesta yenye mwenge nimekisaidia kiwanda chochote cha hapa.

Huduma ya duka ni nzuri. Kijana anafungua robota zima bila kununa, na ukichukua doti kumi anapunguza bei bila kuvutana sana. Sare tumechagua ya India, kwa sababu inatosha watu wote na Desemba haingoji. Ya zambarau nimejinunulia mwenyewe, doti mbili. Anayetaka za hapa kwa kikundi kizima aende mapema, mwezi wa nane au wa tisa, aache oda na namba ya simu. Wifi bado ananung'unika, anataka bendera ionekane mahali. Tumekubaliana atafute vitambaa vya kichwa, mradi viwe vya pamba, na kiberiti nitashika mimi.