Uzoefu wangu: kutengeneza kiyoyozi cha HiAce kuukuu hapa Malindi

Nina Toyota HiAce ya mwaka 1998 ninayoitumia kuwachukua wageni kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi Watamu, na mara nyingine kuzipeleka familia Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi. Mwezi wa Februari na Machi, kabla ya masika, safari hiyo bila kiyoyozi ni mateso, hasa kwa walioketi viti vya nyuma. Naandika kwa ajili ya wenye magari ya umri huo, kwa sababu kazi niliyofanyiwa katika gereji moja ndogo ya hapa mjini ilikuwa kazi ya kutengeneza, wala si ya kujaza gesi tu.

Awali gari lilikuwa likijazwa gesi kwingine kila baridi ilipopungua. Fundi wa huko aliunganisha mtungi, akatazama geji, akapokea malipo, na baada ya majuma machache joto lilirudi pale pale. Fundi wa gereji hii alikataa kujaza chochote kabla ya kupima. "Mzee," aliniambia, "gesi hii hailiwi kama petroli. Ikipungua sana, basi imetoka mahali, na hapo mahali ndipo tunapopatafuta." Alisema kweli, kwani gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huisukuma, kondensa huitoa joto, kisha vali huipunguzia shinikizo ikaingia ikiwa baridi kwenye evaporeta, yaani sehemu inayoipoza hewa ya ndani ya gari.

HiAce yangu ina evaporeta mbili, ya mbele na ya nyuma, na mabomba ya alumini yanayoifikia ile ya nyuma hupita chini ya sakafu, yakipigwa na matope, mchanga na hewa ya chumvi ya pwani yetu. Fundi aliinyonya gesi iliyosalia kwa mashine badala ya kuiachia hewani, akaingiza nitrojeni kavu ili kuleta shinikizo ndani ya mabomba, kisha akapaka povu la sabuni kwenye viungo kimoja kimoja. Karibu na gurudumu la nyuma, pale kibanio cha chuma kinapolishika bomba, vumbi lilikuwa limegandana na mafuta likawa tope jeusi. Alinieleza kwamba mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo panapovuja gesi mara nyingi huonekana doa la mafuta. Alipokifungua kibanio na kupafuta kwa kitambaa, alumini ilikuwa imeliwa na kuacha unga mweupe, na baada ya kupaka sabuni vijipovu vidogo vikaanza kuchomoza taratibu. Maji ya chumvi yakituama kati ya chuma na alumini, alumini ndiyo inayoliwa.

Kipande hicho cha bomba kilibadilishwa, pamoja na oringi (pete za mpira za kuziba) za viungo vyote vilivyofunguliwa na draya, yaani chujio linalonyonya unyevu, ambalo halifai kurudishwa likishaachwa wazi katika hewa nzito kama ya Malindi. Kibanio kipya kiliwekewa mpira. Baadaye pampu ilinyonya hewa yote kwa zaidi ya nusu saa, ikafungwa, nasi tukaitazama geji kuhakikisha mshale hausogei. Hatua hii ndiyo mafundi wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoutoa unyevu uliobaki ndani. Gesi ilipimwa kwa mizani kufuata kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ya gari, kwa kuwa shinikizo peke yake hubadilika kulingana na joto la siku.

Gari langu hutumia gesi ya aina ya R-134a. Mwenye gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 achunguze kwanza, huenda lilitengenezwa kwa R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na iliyowekewa vikwazo na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Mafuta ya mifumo hiyo miwili ni tofauti, na gesi hizo hazichanganywi kamwe.

Matokeo yameniridhisha sana. Kipimajoto kwenye tundu la mbele la kutolea hewa kilionyesha nyuzi 8 na la nyuma 11, mchana wa jua kali, na tangu wakati huo baridi haijapungua. Malipo yalikuwa kama mara tatu ya kujaza gesi, nami nayaona ni ya haki.

Yapo niliyoyalalamikia. Spea zilitoka Mombasa na zikachelewa, gari likakaa bure nami nikapoteza kazi za wageni. Makadirio ya gharama nilipewa kwa mdomo, na ilinibidi niyaombe kwa maandishi, pamoja na uzito wa gesi iliyowekwa. Ni vyema kuyadai hayo kabla kazi haijaanza. Feni ya nyuma bado inavuma kwa sauti kubwa kwa sababu beringi zake zimechakaa, na tumekubaliana nilirudishe gari baada ya msimu wa wageni ili feni hiyo ibadilishwe.