Kuutembea Mji Mkongwe kwa Miguu: Pesa Yako Inakwenda Wapi?

Assalaam alaikum watazamaji wangu, karibuni. Leo naichambua ziara ya miguu ya Mji Mkongwe, hapa Unguja, ile ya asubuhi inayoanzia sokoni Darajani na kuishia bustani ya Forodhani. Wengi mnauliza: kuna haja gani ya kumlipa mtu akutembeze mji unaoweza kuuzunguka mwenyewe? Haja ipo, tena kubwa, ila mtembezaji awe mtu wa kusimama. Anayekukimbiza hakufai.

Chukulieni Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa mpaka Sultan Barghash alipolifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na kanisa la Anglikana likajengwa pale pale. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni. Husimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakichapwa. Mtembezaji wa haraka huisema sentensi hiyo akatoka. Aliye mzuri atakuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, mafundi walizipachika Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa hayupo, na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Kisha atakupeleka nje kwenye shimo lenye sanamu tano na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, anyamaze, nawe unyamaze. Jamani, pale si pahala pa kupigia selfi za kucheka. Nimeona watu wakifanya hivyo na roho imeniuma.

Mkishuka kwenye vile vyumba vya chini, muulizeni mtembezaji vilijengwa lini. Wapo wanahistoria wanaopinga kuwa watumwa waliwekwa mle. Mtembezaji atakayewaeleza pande zote mbili, huyo mshikeni.

Hamamni, kwenye bafu alizojenga Barghash, dakika chache zinatosha. Pale Jaws Corner kaeni barazani mnywe kahawa, wazee wacheze dhumna yao, msiwaelekezee kamera bila ya ruhusa.

Milango sasa! Hapa ndipo mimi natoa alama zote. Simama karibu kabisa na mlango mmoja. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa mtindo wa Kiarabu. Wa Kihindi una upinde juu. Pembeni utaona mnyororo umechongwa kuzunguka fremu, chini kuna samaki, na njumu, yaani vichwa vikubwa vya misumari ya shaba, zimepangwa kwa safu. India njumu hizo zilikuwa za kuwazuia tembo. Kwetu zimebaki pambo na heshima ya mwenye nyumba. Ukiingia ndani utakuta chumba kirefu chembamba, kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haupiti urefu wa boriti. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yao ni maji.

Ndiyo maana Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, inatia huzuni. Barghash aliijenga mwaka 1883, ikaja kuwa na umeme na lifti wakati Afrika Mashariki haijavizoea, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Mtembezaji asiyelitaja hilo anawaficha jambo kubwa la mji huu.

Kuhusu malipo: patanini bei kabla hamjapiga hatua, na ulizeni kama kiingilio cha Mkunazini kimo ndani yake. Takeni kuona kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, maana mapapasi, wale wanaowaganda wageni mitaani, ni wengi. Vaeni nguo za stara. Mnapita milangoni mwa watu na misikitini. Ijumaa adhuhuri iacheni.

Na kama muda wenu ni mfupi, punguzeni Forodhani, mnaweza kurudi wenyewe jioni. Mkunazini na milango msivipunguze.