Maadhimisho ya makumbusho yetu Lindi: hotuba ziliboa, wazee wakaokoa siku

Jamani nilienda kwenye sherehe ya miaka kumi ya yale makumbusho madogo hapa Lindi mjini, walitangaza kwamba safari hii wanawaenzi waasisi, nikasema ngoja nikaone.

Kiingilio buku mbili, watoto bure, hapo sina neno. Ratiba ilisema saa tatu, shughuli ikaanza saa tano kasoro maana mgeni rasmi alikuwa bado njiani, hayo tushazoea. Kilichoniudhi ni viti. Waasisi wenyewe, wale walimu wastaafu na kina bibi waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba vinu, ndonya (yale mapambo ya mdomo) na picha za zamani, wamewekwa pembeni juani kwenye viti vya plastiki, halafu hema lenye maua limejaa waheshimiwa ambao naamini wengi wao hata ndani hawajawahi kuingia. Bibi mmoja kajitanda kanga kichwani anavumilia tu, mpaka vijana wa ngoma wakaenda kuwahamishia kivulini. Na hotuba sasa, weee, kila anayeshika maiki anasema itifaki imezingatiwa kisha anaanza kuitaja upya mmoja mmoja!

Ila zilipoisha ndo utamu ukaanza. Wazee waliingia ndani na sisi, kila mmoja akasimama kwenye kitu alichokileta yeye. Yule bibi akatoa ndonya, nyeusi imeng'aa kwa kuvaliwa, akawaonyesha mabinti ilivyokuwa inakaa mdomo wa juu, kwamba unatobolewa unawekewa kijiti chembamba, kinaongezwa unene kidogo kidogo mpaka tundu likubali. Watoto wote wakashika midomo yao, tulicheka sana.

Babu mwingine akasimama kwenye picha za Tendaguru, kule Lindi ilikochimbwa mifupa ya dinosaria. Mjusi wetu, yaani huyo dinosaria, sote tunajua yuko Berlin, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakamsimamisha huko kwao ana kimo cha mita 13 na ushee, na bungeni hadi leo wanamuulizia. Babu wala hakujali mjusi, yeye aliongelea wabebaji, mifupa ilivyoletwa kwa mguu mpaka bandari ya Lindi, watu wamejitwisha vichwani na mabegani siku kadhaa porini, na kwamba aliyewasimamia wachimbaji kule alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Mimi nimesoma hapahapa Lindi, jina hilo darasani sijawahi kulisikia.

Sasa uongozi, hayo mbona hayapo ukutani? Kwenye kabati la ndonya kuna kikaratasi kimeandikwa "pambo la mdomo", basi, hata aliyeitoa hajatajwa. Waasisi wamepewa vitenge na vyeti vya fremu (kimoja jina limekosewa, nilimuona mzee anakisoma mara mbili halafu anakitia kwenye rambo bila kusema kitu), sawa, asanteni, lakini warekodini sauti zao sasa hivi wakiwa bado wana nguvu ya kuongea, simu si kila mtu anayo?

Msosi getini kina mama wanauza ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha, moto moto na chumvi yake, na korosho, bei za kawaida kabisa. Soda zilikuwa za moto.

Natoa nyota nne, ya tano wameila wenye hema. Mwakani wakifanya tena nendeni, ila fikeni kwenye saa sita hotuba zikiwa zinaishia ishia, na mbebe maji yenu.