Miwani ya progresivu: vipimo ambavyo havikuwemo kwenye cheti changu

Navaa miwani ya kutoona mbali tangu nikiwa sekondari. Nilipofika miaka 44 nikajikuta naivua kila nikitaka kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Nikiivaa herufi zinachanganyika, nikiivua zinakaa sawa. Nikaenda kupima nikiwa na hofu kwamba macho yanaharibika upesi.

Kumbe sivyo. Daktari alinieleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, ikashindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu, na wengi huanza kuliona hilo baada ya miaka 40. Wenyewe wanaita presbiopia. Mimi namba yangu ya miwani ni -2.25. Gawanya 100 kwa 2.25, unapata kama sentimita 44, na huo ndio umbali ambao macho yangu matupu yanaona vizuri bila kujikaza. Ndiyo maana kuvua miwani kulinisaidia.

Nilipofika nyumbani nilikaa na kile cheti cha namba za miwani jioni nzima. OD ni jicho la kulia na OS la kushoto, vifupisho vya Kilatini. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa kwa asiyeona mbali, ya kujumlisha kwa anayepata shida zaidi na vya karibu. CYL ni ya astigmatizimu, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo herufi zinaota kivuli. Halafu kuna AXIS. Kwangu iliandikwa 170 na nilishtuka, nikadhani jicho hilo limekwisha. Ile si nguvu. Ni mwelekeo ambao lenzi ya astigmatizimu inalazwa, kuanzia nyuzi 1 hadi 180, na mwenye 170 hana jicho bovu kuliko mwenye 10. Ya mwisho ni ADD, kwangu +1.25: nguvu inayoongezwa sehemu ya chini ya lenzi kwa ajili ya kusomea.

Nikaagiza progresivu. Hii ni tofauti na baifoko, yaani lenzi ya nguvu mbili zilizotengwa na mstari unaoonekana. Hapa nguvu inabadilika polepole kutoka juu kwenda chini kupitia njia nyembamba katikati ya lenzi. Pembeni mwa njia hiyo kuna ukungu, na hakuna kampuni iliyofaulu kuuondoa wote.

Miwani ya kwanza ilinitesa wiki tatu. Mbali naona, lakini nikitaka kusoma lazima niinue fremu kwa kidole, na mstari mmoja wa kitabu nausoma huku nageuza kichwa. Nilipolalamika dukani nikaambiwa nitazoea. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu kuzoea kupo kweli: ngazi zinayumba siku za mwanzo, ukitazama chini miguu iko mbali, na hayo hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Lakini kuinua fremu kwa kidole ili usome si jambo la kuzoewa. Ni dalili kwamba lenzi imekaa chini mno.

Fundi mwingine ndiye aliyenionyesha. Aliipumulia lenzi, akaishika kuelekea kwenye mwanga, na nikaona viduara viwili vidogo vilivyochongwa, kimoja kila upande, milimita 34 kati yake. Chini ya kimoja pameandikwa ile ADD. Alivitumia viduara hivyo kuchora kwa kalamu mahali njia ya kuonea inapoanzia, akanivalisha, akasema nimtazame usoni. Alama ilikuwa milimita 4 chini ya mboni. Halafu akapima umbali kutoka katikati ya pua hadi kila mboni: kulia milimita 30.5, kushoto 33. Duka la kwanza lilikuwa limechukua umbali wote wa mboni hadi mboni, 64, likaugawa nusu kwa nusu. Uso wangu haujagawanyika hivyo, na nyuso nyingi ziko kama wangu.

Vipimo hivyo viwili, umbali wa kila mboni na urefu wake ndani ya fremu, havikuwemo kwenye cheti. Cha urefu hakiwezi kuwemo, kwa sababu kinategemea fremu uliyochagua na jinsi inavyokaa puani. Kwa hiyo fremu ikazwe na kunyooshwa usoni kwanza, ndipo upimwe. Anayekuuzia progresivu bila kukuwekea alama mbele ya mboni ukiwa umeivaa, toka hapo.

Nilirudi na vipimo, duka likatengeneza upya, na miwani ya pili naipa nyota nne kati ya tano. Nasoma, naendesha gari, nasoma tena, bila kuivua. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya kompyuta: skrini iko juu, nguvu ya umbali huo iko katikati ya lenzi, basi nafanya kazi kidevu kikiwa juu na shingo inauma. Kwa kazi ya mezani siku nzima nimeshaagiza nyingine ya ofisini, yenye eneo pana la karibu na kati. Lenzi nyembamba za 1.67 (namba ya jinsi lenzi inavyopinda mwanga) nilizosukumiwa nilizikataa. Kwa namba ndogo kama yangu tofauti ya unene haionekani. Tabaka la kuzuia mng'ao lichukueni, hasa mnaoendesha usiku.

Jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko miwani. Siku ile ya kupima, daktari alipima pia presha ya macho na kutazama mshipa wa fahamu nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Glakoma, ambayo ndiyo vipimo hivyo viwili vinaisaka, huondoa uoni kuanzia pembeni, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kilichopotea hakirudi. Mashine ya kusoma namba ya miwani haiwezi kuiona, kwa hiyo ukienda kupima uliza kama presha ya macho na mshipa huo vitatazamwa.