Chasisi ya mabomba au monokoki kwa anayeunda gari la mbio nyumbani

Mwaka 1962 Lotus 25 ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ilileta kwenye Formula 1 monokoki kamili, yaani mwili wa bati unaobeba nguvu wenyewe, na magari ya fremu ya mabomba yaliyochomelewa yakaanza kupitwa. Ndiyo maana wengi huona aibu kuanza na mabomba. Mimi nawasihi waanze nayo.

Bomba hukufundisha njia ya nguvu, yaani nguvu inavyopita ndani ya gari. Mraba wa mabomba manne hulala upande ukisukumwa kwenye pembe yake moja. Ongeza bomba moja la mshazari, unapata pembetatu mbili na mraba unakaza. Tengeneza mfano wa vijiti, ushike ncha zote mbili, usokote: utaona mwenyewe palipolegea. Na chasisi inayosokoteka huwa kama springi ya ziada, hivyo ukibadilisha springi za kweli gari halijibu unavyotarajia. Mikono ya suspensheni, ile inayoshika magurudumu, ifungwe pale mabomba yanapokutana, kamwe si katikati ya bomba.

Monokoki ya alumini hukaza zaidi kwa uzito uleule, sikatai. Lakini mzigo wa sehemu moja hurarua bati, kwa hiyo kila kifungio kinahitaji kuimarishwa kwa ndani, na kosa halirekebishiki kwa kukata na kuchomelea upya. Iache iwe gari la pili.