Tahadhari kwa wanaonunua marumaru Mbeya: fungueni kila boksi kabla ya kulipa

Ndugu zangu wa Mbeya na mikoa jirani, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa marumaru za sakafu aliyeko maeneo ya Mwanjelwa, ambaye anauza mzigo uliochanganywa kwa bei ya daraja la kwanza. Duka silitaji kwa jina kwa kuwa lalamiko langu bado linashughulikiwa, lakini mbinu yake lazima ijulikane, hasa kwa sisi tunaoweka sakafu wenyewe bila fundi.

Dukani unaonyeshwa sampuli nzuri ya sentimita 60 kwa 60, aina ya porseleni, yaani marumaru ngumu isiyofyonza maji kirahisi. Bei yake iko chini kidogo ya maduka ya jirani, na hushuka tena ukikubali kuondoka bila risiti ya EFD. Mzigo huletwa na kirikuu giza linapoingia, na maboksi ya juu huwa sawasawa na ulichokiona dukani. Fundi mzoefu angeikagua lebo ya kila boksi kabla mzigo haujashushwa, ila anayejiwekea sakafu hufungua boksi moja, akalimaliza, ndipo akafungua jingine, na ninaamini muuzaji huyu anautegemea utaratibu huo: ukifika kwenye maboksi mabaya, nusu ya sebule imeshagandishwa na gundi.

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika unapata 22, na kwa kuwa boksi la vipande 4 hufunika mita za mraba 1.44, nilihitaji maboksi 16. Niliyafungua yote na kuzipanga marumaru kavu sakafuni kabla ya kuchanganya gundi. Maboksi kadhaa yalikuwa yamebanduliwa lebo mahali panapoandikwa namba ya rangi na ya ukubwa halisi, kisha yakafungwa upya kwa gundi ya karatasi. Nilipochukua kipande kutoka humo nikakiegemeza mgongo kwa mgongo na kile cha boksi la juu, kimoja kilizidi kwa karibu milimita 2. Tofauti hiyo mtu anaweza kuidharau, lakini katika safu ya vipande 8 inafikia sentimita 1.6, na mistari ya grauti (saruji inayojaza nafasi kati ya vipande) iliyoanza imenyooka mlangoni haikutani tena ukutani.

Jambo baya zaidi ni kwamba baadhi ya vipande havikuwa porseleni kabisa. Porseleni halisi hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo tone la maji ukilidondosha mgongoni mwake hukaa juu. Kwenye vipande hivyo tone lilinyweka papo hapo na kuacha doa jeusi. Marumaru laini za namna hiyo zikiwekwa sebuleni, mahali panapoburutwa viti na meza kila siku, hazidumu.

Nilipomrudia, alinijibu kwamba mzigo ukishatoka dukani haurudishwi. Jibu hilo lisimtishe mtu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli hiyo kwa ubora, na mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kulinganisha. Masuala ya udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani, na ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Kote huko utatakiwa kuonyesha ushahidi wa manunuzi, na ndiyo maana punguzo la kukosa risiti linamfaa yeye kuliko wewe.

Kwa hiyo mzigo upokelewe mchana, maboksi yafunguliwe mbele ya dereva, na namba za rangi na ukubwa zilinganishwe boksi kwa boksi kabla fedha ya mwisho haijatoka. Kama umeshanunua na hujaanza kazi, usichanganye gundi kwanza: piga picha za lebo zote, zikiwemo zilizobanduliwa, tunza maboksi yenyewe, na urudishe mzigo ukiwa mzima, kwa sababu kipande kilichokatwa au kilichopakwa gundi ni vigumu sana kukidai.