Betri haijaniangusha, bei ndiyo imeniangusha

Nianze na lililoniuma. Miezi mitano baada ya kununua gari langu hili la kifahari la umeme likiwa jipya, kampuni iliyolitengeneza (sitaitaja) ilishusha bei ya gari lile lile, hadi rangi ile ile, kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka huu, likiwa na miaka mitatu, nikalipeleka kwa muuza magari anikadirie. Alitaja kiasi kisichofika nusu ya nilicholipa. Nikashukuru, nikarudi kukaa ndani ya gari, kimya.

Siko peke yangu. Tesla ilipunguza bei Januari 2023, na baadaye mwaka huohuo Lucid, kampuni nyingine ya magari ya umeme, nao wakashusha bei za gari lao la Air. Gari la kifahari la petroli nalo hushuka thamani, ila haya ya umeme huzeeka kama simu.

Na hayazeeki bure. Model S ya Tesla ya 2012 yenye betri kubwa ilipimwa Marekani ikapewa kilomita 426 kwa chaji moja. Lucid Air ya 2021 ikafikishwa 837. EQS ya Mercedes ilianza na betri ya kilowati-saa 107.8, halafu ikaongezwa hadi 118. Nani atalitaka langu kwa bei ya zamani?

Langu limeandikiwa kilomita 600 kwa chaji moja. Kwa mwendo wa 120 kwenye barabara kuu, kiyoyozi kikiwaka, napata kama 460. Baridi ikikaza, 400. Sijaona ni wizi, maana ukikimbia zaidi hewa nayo inakuzuia zaidi. Isitoshe, siku nyingi sifikishi hata kilomita 80, nachaji usiku nyumbani mpaka asilimia 80 na kusahau.

Kinachonichosha ni kuchaji nikiwa safarini. Mfumo wangu ni wa volti 400, na kutoka asilimia 10 hadi 80 nasubiri dakika 35 hivi. Ukiongeza volti mara mbili, unapitisha nguvu mara mbili kwa mkondo uleule wa umeme, bila waya kupata joto zaidi. Ndiyo siri ya Taycan, gari la umeme la Porsche, iliyokuja na volti 800 mwaka 2019. Toleo lake jipya la 2024 linamaliza kazi hiyo kwa dakika 18 likipata chaja yenye nguvu ya kutosha. Nilisafiri na rafiki mwenye gari la aina hiyo. Alikuwa tayari kuondoka, mimi bado niko kwenye foleni ya choo. Kama ningejua, ningeuliza volti kabla ya kuuliza kilomita.

Kuendesha, sina neno. Kimya, laini, na kwa kuwa mota hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, pedi za breki ni zilezile za kiwandani. Lakini aliyeamua kwamba matundu ya hewa yaelekezwe kwa kugusa skrini hajawahi kuendesha juani! Tena nguvu ya ziada, ambayo mota tayari inayo, nauziwa kwa malipo ya kila mwezi. Sijalipa.

Betri bado ina asilimia 94 ya uwezo wake na dhamana yake ni ya miaka 8, kwa hiyo siliuzi. La baadaye litakuwa la volti 800, lililotumika miaka miwili au mitatu, hasara ya kwanza akiwa ameshaibeba mwingine.